Fundi wa Pancha Anayeuliza "Mnalala Wapi?"

Jua halijapanda sana, lakini bati la kibanda limeshaanza kulia kwa joto. Gari jeupe la kukodi, lenye hema juu ya paa, linasimama mbali kidogo na pampu ya upepo. Injini haizimwi. Kioo kinashuka vidole viwili tu.

Hendrina Ganuses, fundi wa pancha kwenye njia panda magharibi ya mji wa Khorixas, Namibia, haendi dirishani. Anazunguka gari kwanza. Anagonga tairi la nyuma kwa kidole, kama mtu anayenunua tikiti maji.

"Upepo umejaa mno," anasema. "Huu ni upepo wa lami. Kwenye changarawe gari litaruka, na kwenye kona litakupeleka korongoni. Nikupunguzie?"

"Hapana, asante," mwanamume anajibu upesi kutoka ndani. "Kampuni imesema matairi yasiguswe."

"Kampuni iko Windhoek. Mawe yako huku. Haya, na leo mnalala wapi?"

"Palmwag. Hotelini."

Kioo kinapanda, gari linaondoka. Hendrina anabaki anaangalia vumbi lake, mikono kiunoni.

"Muongo," ananiambia. "Umeona alivyojibu? Mtu wa kweli hufikiri kidogo."

Hendrina ana miaka arobaini na saba na haamini mtu. Ufundi aliupata kwenye kambi ya greda za barabara, alikokuwa mpishi. Mafundi walipougua au kulewa, yeye ndiye aliyeshika spana. Pancha moja anaziba kwa dola mia moja na hamsini za Namibia. Miezi ya watalii hupata hata elfu sita kwa mwezi. Mvua zikianza, akifikisha elfu moja humshukuru Mungu.

Watu nao hawamwamini. Kuna uvumi kwamba fundi wa njia panda humwaga misumari barabarani.

"Misumari nainunua kwa pesa yangu, halafu niitupe?" anasema. "Basi mimi tajiri, na sina habari!"

Lakini linalomponza zaidi ni lile swali. Kwetu huku, kuanzia mjini hadi ufukwe wa ukungu, msafiri akipita boma lolote huulizwa analala wapi. Hendrina akishajibiwa hupanda kilima cha nyuma, ambako simu hushika mtandao, akawaambia wa mbele wategemee vumbi la gari hilo. Vumbi lisipotokea, watu wanatoka kutafuta. Usipomuuliza mtu, umemdharau.

Mgeni mwenye kamera na pesa mfukoni halisikii hivyo. Analisikia kama swali la jambazi.

Agosti mwaka jana walipita mume na mke, gari jeupe kama hili. Mume alikataa upepo kupunguzwa hata chembe. Akasema wanalala Palmwag. Mke akatazama magoti yake.

"Nikajua wanaficha kitu," anasema Hendrina. "Na huku kwetu, mgeni anayeficha anakolala, tunajua anafuata nini. Pembe za faru."

Jioni Palmwag wakamwambia hawajafika. Hendrina hakutuma watu wa kuwaokoa. Aliwapigia walinzi wa wanyama akaripoti majangili. Kesho yake walinzi wakaenda kaskazini waliko faru, wakashinda siku nzima wakivizia njia tupu.

Aliyemtia shaka ni shemeji yake, Gotthard Uiseb, mume wa dada yake, mwenye pikapu ya kuvutia magari yaliyokwama. Asubuhi hiyo walikuwa wanakula uji wa mahindi na maziwa mgando.

"Shemeji, jangili gani anakataa kupunguziwa upepo?" Gotthard alimuuliza. "Jangili anaujua mchanga. Huyo wako alikuwa anakuogopa wewe. Na sura hiyo, nani asiogope?"

"Nyamaza ule," Hendrina alimjibu. Lakini kijiko alikiweka chini.

Kama mtu alikuwa anawaogopa, basi atakuwa ameenda upande ulio kinyume na alikosema. Walishuka kusini, kwenye mchanga wa mto Huab. Wakalikuta gari limezama hadi ekseli, matairi magumu yamejichimbia kaburi lake. Mke alikuwa amelala kivulini chini ya gari, dumu la maji tupu pembeni. Mume alikuwa amejaribu kuondoka kwa miguu kufuata korongo, akashindwa, akarudi. Midomo yake ilikuwa imepasuka.

Gotthard aliteremka na kamba ya kuvutia. Mume akajifungia ndani ya gari, akabandika pochi yake kwenye kioo.

"Chukueni kila kitu," alilia. "Mke wangu tu muacheni."

Hendrina anapofika hapo anafuta uso kwa kanga yenye madoa ya mafuta ya gari. "Nilikuwa nimebeba maji," anasema. "Nimebeba maji mikono yote miwili, na mtu ananipa pochi. Niliumia jamani! Halafu nikakumbuka kwamba mimi nilimpelekea watu wenye bunduki. Nisingefanya hivyo, tungempata mapema. Mke wake angekufa, ningemwambia nini Mungu?"

Tangu hapo amebadilisha mpango, ingawa tabia bado. Kila gari linalosimama anataka alitangulizie jina lake na mahali anapolala yeye mwenyewe, kabla ya kuuliza. Na anaomba makampuni ya kukodisha yawaeleze wageni huko huko Windhoek: wataulizwa njiani wanakolala, na wajibu kweli.

"Leo mbona hukumtangulizia?" namuuliza.

Ananikata jicho. "Kanikera na kioo chake."

Kisha anatazama barabara. Lile vumbi limesimama. Linakaa hivyo muda mrefu. Halafu linageuka.

Gari jeupe linarudi polepole. Safari hii kioo cha upande wa abiria ndicho kinachoshuka, chote. Mwanamke mwenye kofia anachungulia. Dereva ameangalia mbele, masikio mekundu.

Hendrina anakaribia, anajifuta mikono.

"Mimi naitwa Hendrina," anasema. "Nalala nyumba ile ya bati la bluu, nyuma ya matangi. Shemeji yangu analala jirani, na anakoroma. Nyie mnalala wapi?"

"Siyo Palmwag," mwanamke anasema. "Mtoni. Huab. Samahani, mama."

"Na maji mnayo?"

"Mengi," anadakia dereva.

"Nionyeshe," anasema Hendrina, na anapiga goti kwenye changarawe kuanza kupunguza upepo.

Injini inazimwa.