Salamu za Vitanda Vinane

Miaka kumi na moja Adventina amesafisha wodi ya waliopasuliwa katika hospitali moja ya Gitega, na miaka yote hiyo watu wamemchosha. Si uchafu. Uchafu ukiumwagia javeli, ile dawa ya kuulia vijidudu, unakubali. Watu ndio hawakubali.

Mtu anatoka Itaba kumwona shemeji yake kitanda cha nane. Unadhani ataenda kitanda cha nane? Thubutu. Ataanza na cha kwanza, ampe mkono mgonjwa, ampe mkono anayemuuguza, aulize habari za nyumbani, kisha cha pili, cha tatu, mpaka amfikie shemeji akiwa amekusanya kila kilichomo mikononi mwa wagonjwa saba. Ndivyo walivyolelewa: ukiingia chumba cha wagonjwa ukamsalimu wako peke yake, una kiburi, na sifa hiyo itafika kwenu kilimani kabla yako. Na huyo wa kitanda cha kwanza ana mguu unaotoa usaha.

"Baba, bomba lile pale, na sabuni ipo," Adventina alimwambia siku moja mzee Nazario, mgeni aliyekuwa ameshafika kitanda cha nne.

"Mi sitoki shambani, mama. Nimevaa nguo ya kanisani," akajibu Nazario, akaendelea na cha tano.

Sasa mtu kama huyo utamfanya nini? Adventina alimshika mkono wa koti akamfikisha bombani, akasemwa hospitali nzima. Wakamwita Mtanzania, kwa kuwa alikulia kambi ya wakimbizi Kigoma na Kiswahili chake kimenyooka. Hakujali. Hata wauguzi hakuwaonea haya. Ukitoka kidonda hiki kwenda kile na glavu zile zile, anakusimamisha. "Glavu inakulinda wewe," anasema. "Mgonjwa inamlinda na nini?" Aliwahi kumwona mama wa watoto wanne akiingia na ngiri tu, akatolewa amefunikwa shuka, kwa ugonjwa alioupatia humo humo wodini. Tangu hapo hakubembeleza mtu.

Basi bintiye Ursula, aliyeolewa Gasorwe, akajifungua kwa upasuaji hospitalini Muyinga. Adventina akaomba ruhusa, akapanda gari, akafika siku ya pili.

Wodi ilikuwa imejaa. Wakwe wote wamekaa wanamtazama mgeni wa Gitega anaingiaje. Bibi wa kitanda cha kwanza akamnyooshea mkono. Jamani, angeuacha ukining'inia? Ursula angeishije na watu hao, mama yake amewadharau wagonjwa mbele yao? Akaupokea. Akaenda cha pili. Vitanda vyote vinane akavimaliza, huku moyoni akijitukana. Alipofika kwa mwanawe, Ursula akalalamika kwamba bendeji inamwasha. Macho ya kazi hayamwachi mtu: Adventina akafunua pembe iliyobanduka, akachungulia mshono, akairudisha kwa kidole. Bombani hakuwa amefika.

Siku ya tano Ursula akapandwa na homa, na kidonda kikaanza kunuka. Hidaya, muuguzi wa wodi, alipofungua bendeji, usaha ukatoka. Thomas, mume wa Ursula, akawaka.

"Mke wangu aliingia hapa mzima. Mnawaua watu kwa uchafu wenu. Namrudisha nyumbani leo hii."

Wakwe wakaitikia. Mmoja akaanza kukusanya masufuria. Adventina alijua maana ya kidonda kile kwenda Gasorwe, kilomita zote hizo, bila dawa ya sindano na bila wa kukiosha. Angenyamaza tu, lawama ingebaki kwa muuguzi, na Ursula angebebwa.

"Haendi popote," akasema. "Kidonda nilikishika mimi. Siku ile niliyokuja, nimetoka kuwapa watu mikono, sikunawa."

Thomas akamtazama mama mkwe wake. Masufuria yakawekwa chini.

"Pengine ni we, mama, pengine ni sisi," Hidaya akasema. "Hakuna atakayejua. Lakini kidonda iko na usaha, inabaki hapa. Leo tutaifungua tuioshe."

Adventina angependa zaidi kutukanwa. Miaka kumi na moja amewafokea wakulima wasiojua kitu, na yeye anayejua kila kitu ndiye aliyekwenda kufanya ujinga ule kwa mtoto wake mwenyewe. Hasira alikuwa nayo, ila safari hii hapakuwa na mtu wa yeye kumshika mkono wa koti.

Ursula alilazwa wiki tatu, akapona. Lakini siku ile, kabla hawajamchukua kwenda kuoshwa kidonda, Adventina aliinama ambebe mjukuu. Ursula alimsogeza mtoto upande wa ukutani.

"Kanawe kwanza, mama," akasema.