Wa Kwanza Kupigiwa Simu

Otilia ana wivu, na wivu wenyewe si wa mume. Elias anaweza kucheka na wanawake wote wa kwaya yetu mpaka chai ipoe, Otilia hana habari. Lakini mguse mama yake uone.

Mama Paskazia alikuja kutoka Bukoba mwaka 2009, akapangishiwa fleti ndogo huku ughaibuni, Downsview, jengo linalofuatana na la binti yake. Otilia anafanya kazi kwenye nyumba ya wazee: kuwaogesha, kuwavisha, kuwalisha. Akitoka huko, mgongo umekatika, anapitia kwa mama ampikie. Anamkuta ameshakula. Kala kwa Shamshad.

Shamshad ni Mhindi wa Mwanza, mjane, mlango wake unatazamana na wa Mama Paskazia. Walikutana kwenye lifti, mmoja akailaani baridi kwa Kiswahili, mwingine akaitikia, basi, hawakuachana tena. Asubuhi chai ya tangawizi, jioni hadithi za meli ya Bukoba na Mwanza. Otilia alinisimulia haya baada ya mazoezi ya kwaya, midomo imemvimba, utasema kaletewa mke mwenza.

"Hizo hadithi mimi hajawahi kunisimulia," alisema. Nilicheka. Yeye hakucheka.

Baridi ya 2012 mama akateleza jikoni, akateguka mkono. Shamshad ndiye aliyesema anahitaji kile kidude cha kuvaa shingoni: ukianguka unabonyeza kitufe, mtu wa kampuni anakuitikia kwenye kiboksi cha mezani, kisha anawapigia watu wako. Otilia, ambaye kazini anaviona vidude hivyo kila siku na kuvisifu, akasema mama yake havihitaji.

"Ana mimi."

"Na ukiwa shifti?" Elias akauliza kwa upole. Akanuniwa.

Mama akateleza tena, ikabidi Otilia aufyate. Siku ya kufunga kidude, fundi aliuliza nani apigiwe simu kwanza. Otilia akamtafsiria mama swali, na mama hakufikiri hata kidogo. "Shamshad," akasema, kidevu kikielekea mlangoni.

Yeye Otilia aliyemtafutia viza, aliyemnunulia koti na viatu vya theluji, amepitwa na mtu wa kwenye lifti! Mama hajui Kiingereza, na fundi alikuwa akingoja jibu. Otilia akamtafsiria alivyotaka yeye: "Simu ya nyumbani kwangu." Ya jirani hakuitaja kabisa. Mama akashukuru, akavaa kidude chake, akaamini kwamba rafiki yake ndiye atakayeitwa.

Ila simu ya nyumbani kwa Otilia mchana hupokewa na Elias, anayefanya kazi ya usiku kwenye ghala.

Februari mama akaanguka bafuni, akitoka kuoga. Akabonyeza, akamngoja Shamshad. Akasikia ufunguo, na sauti ya mwanamume: "Mama, ni mimi, Elias."

Kwetu mkwe hamwoni mama mkwe wake hata na kanga moja. Mama Paskazia hakuwa na hata hiyo. Nyonga imevunjika, na bado alinyoosha mguu mzima akausukuma mlango. "Mkwe wangu, usiingie! Nakuomba, usiingie!"

Elias alilelewa vizuri, maskini. Aliupa mlango mgongo, akawa anambembeleza, mama naye analia maumivu na kukaza mguu. Hatimaye akatoka mbio akagonga kwa Shamshad. Aliposikia sauti ya Shamshad tu, mama akaulegeza mguu.

Otilia alipofika, ambulensi ilikuwa ikimbeba mama, amefunikwa shali ya Shamshad. Aliniambia mwenyewe: hata pale, kitu cha kwanza alichokiona ni ile shali.

Nilikuwepo hospitalini mama alipoamka baada ya upasuaji.

"Nilimtaja Shamshad," mama akasema. "Hukusikia?"

"Nilisikia." Otilia akaanza kulia kwa hasira. "Mimi ndiye mwanao, mama! Kuogesha wazee ndiyo kazi yangu. Kwa nini yeye?"

"Unashinda unaogesha mama za watu. Nami nikuongezee mzigo? Kwa Shamshad nakula ili ukija usipike, ukae." Mama akafumba macho. "Lakini hukai. Unaona sufuria za mwenzio, unanuna, unaondoka."

Otilia akatoka hadi kwenye korido, mimi nyuma yake, akaipigia kampuni ile. Akasema wabadilishe, wa kwanza awe Shamshad. Msichana wa kampuni akauliza huyo ni nani kwa mama.

"Binti yake," Otilia akajibu, uso umekunjamana kama aliyemeza kwinini.

"Na wewe?"

"Binti yake pia. Niandike wa pili."