Sentensi ya Mapumziko

Kabla ya kuchoka hivi nilikuwa mtangazaji wa mpira. Si wa redio, bali wa uwanja wa parokia yetu kule Masisi, uwanja ulioinama kiasi kwamba timu ya upande wa chini ilishindwa kabla ya filimbi. Niliolewa Masisi, lakini mimi ni mtu wa Kibua, na sisi wa Kibua tunapaza sauti tangu utotoni, maana msituni asiyepaza sauti anabaki peke yake. Nikapewa kipaza sauti. Wanaume walinuna mechi mbili, kisha wakazoea.

Fundi mmoja wa Goma alinisikia. Kazi yake ilikuwa kufufua mchezo wa mpira wa video kwa ajili ya zile mashine za zamani, zenye manette za kuchezea zilizofungwa kwa utepe wa skochi, ambazo kwingine walishazitupa. Kila msimu alibadilisha jezi, akaingiza wachezaji wapya, akachoma diski upya. Safari ile alitaka mtangazaji Mzungu atoke, aingie wa Kiswahili.

"Dada, hii mashine iko muzee," aliniambia. "Haina nafasi. Kama Muzungu alisema segonde mbili, na weye segonde mbili. Ukipitisha, muchezo inakwama."

Tulirekodi chumbani kwake, magodoro yameegemezwa ukutani kuzuia kelele za pikipiki. Nilisema "Anapigaaa!" mpaka koo likawaka. Mwisho ikabaki nafasi moja tu, ya mapumziko, ndefu kidogo, na kichwa changu kilikuwa kitupu. Nilikuwa na njaa. Nikasema nilichozoea kumpigia mama yangu kelele nikiwa narudi kutoka shambani na hamu ya majani yake ya muhogo: "Mama, weka sombe ku moto, niko njiani!"

Fundi alicheka hadi akakohoa. "Njo hiyo! Usiguse tena." Nami nikacheka, mjinga mimi.

Diski ilisafiri kuliko mimi mwenyewe. Ilishuka Bweremana kwa wavuvi, ikapanda Masisi, ikaingia Walikale ndani ya mabegi ya wachuuzi. Tulipokimbia vita mara ya kwanza, niliikuta sauti yangu kwenye kibanda cha turubai kando ya barabara, ikishangilia goli. Nilikuwa na sufuria kichwani na mtoto mgongoni. Nilimchukia yule mwanamke mwenye furaha. Tulipokimbia mara ya pili sikugeuza hata shingo.

Ikafika Kibua. Jirani wa mama yangu alipata panneau ya umeme wa jua, akaweka mashine kibandani, hatua chache kutoka jiko la mama. Macho ya mama yalikuwa yameshaingia ukungu, na akili ilikuwa ikija na kuondoka. Masikio tu ndiyo yaliyobaki mazima.

Kaka yangu alinipigia simu siku mtandao ulipopatikana. Alikuwa akicheka. Kila mechi ikifika nusu, alisema, mama anainuka, anatwanga sombe, anabandika, anakaa mlangoni kuningoja. Mechi nyingine ikifika nusu, anatwanga tena. Simu ya pili hakucheka.

"Dada, mama hakuli tena. Anasema atakula na weye. Anabakia mifupa."

"Ambia jirani azime."

"Alizima siku mbili. Mama alilia, anasema ulikufa njiani. Sisi wenyewe njo tulimuomba awashe."

Barabara ilipofunguka kidogo niliwaacha watoto kwa shangazi yao, nikaondoka. Pikipiki ilipopita, nilipanda, ilipokwama, nilitembea. Vizuizi vya njiani nimechoka hata kuvisimulia. Siku ya nne, mchana, niliingia Kibua nikiwa na matope hadi magotini. Sauti ilikuwa imekauka kwa mafua, na pia kwa sababu ni muda mrefu sikuwa na la kutangaza.

Mama alikuwa amekaa jikoni, mdogo kuliko nilivyomwacha. Nilipiga magoti, nikamshika mikono.

"Mama, ni mimi. Nimefika."

Alinipapasa uso kwa adabu. "Karibu, mama. Unatoka mbali? Pole sana."

"Ni mutoto wako, mama."

Alitabasamu tu, kwa subira. Basi nikasimama katikati ya jiko, mtu mzima mwenye watoto, nikapaza: "Anapigaaa!" Ikatoka kama mlango wenye kutu. Kaka yangu akageukia ukuta. Nilijaribu tena, nikasema hata ile ya sombe, yote, machozi yakinitoka. Uchungu kama ule sijapata kuujua, na nimezika watu.

"Sauti yako imechoka, mama," alisema. "Ikaa kwanza."

Kule kibandani mechi ilifika mapumziko. Yule mwanamke mwenye furaha akaita kwamba yuko njiani, na uso wa mama yangu ukafunguka. Aliinuka kwa kujikongoja, akapapasa sufuria, akaibandika. Ilipopata moto alinipakulia kijiko kimoja cha sombe kwenye sahani, na bugali kidogo.

"Kula, mama. Lakini usimalize. Ingine iko ya mutoto yangu."

"Na weye ukule," nilimwambia.

"Nitakula na yeye. Si umesikia? Iko njiani."

Nilikula kidogo, nikamwachia yule mwingine.