Profesa na Mchuzi wa Mama

Kaka yangu alirudi Kisumu akiwa profesa, na mji mzima ukahamia kwetu. Wenye maduka, walimu, hata ustadhi wa msikitini, wote walitaka kumsikia. Naye hakuwanyima. Aliwasimulia alivyotoka Bombay, alikoanzia masomo, akaenda Uingereza, alivyojifunza kugandisha mafuta ya kula kwa gesi na unga wa madini, na kwamba sasa chuoni kwake wanatafuta njia ya kugeuza makaa ya mawe yawe petroli ya motokaa. Siri yote, alisema, ni kichocheo: unga kidogo tu unaoharakisha kazi, nao wenyewe hauishi.

"Kidogo tu!" Baba alirudia kwa kila mgeni, utadhani kaugundua yeye.

Mimi nilikuwa nyuma ya nyumba, kwenye banda la sabuni iliyomsomesha. Nilimwonea wivu, sifichi. Alinizidi mwaka mmoja tu, na shuleni hesabu nilimshinda. Lakini wa kwenda alikuwa mmoja, akaenda yeye, mimi nikaachiwa mafuta ya ufuta na magadi makali.

Kila sabuni ilipochemka nilichota tone, nikalipoza, nikaliweka kwenye ncha ya ulimi. Likichoma, bado haijaiva. Ndivyo Baba alivyonifundisha, na ndivyo nilivyofanya miaka yote ile, hadi siku moja nikagundua kwamba chai na maji ni mamoja kinywani mwangu. Sikumwambia mtu. Mama alikuwa na desturi ya kunipakulia kwa mkono wake, kisha anasimama kunitazama. "Imekolea?" Namjibu, "Imekolea, Mama." Basi uso wake wote unacheka. Profesa alikuwa na kila kitu, lakini hicho kilikuwa changu.

Ijumaa ya wiki hiyo Mama alipika samaki ngege wa mchuzi. Alimpakulia profesa kwanza, na hilo nalo liliniuma. Ila kwa mazoea aliniuliza mimi.

"Imekolea?"

"Imekolea sana, Mama."

Profesa akatia tonge kinywani, akacheka. "Mama, leo chumvi umeisahau kabisa."

Baba akaonja. "Kweli. Hauna hata punje."

Mama akanigeukia. Nilidhani atanigombeza kwa kumdanganya. Badala yake alinisogeza dirishani, akanishika kidevu.

"Fungua kinywa."

Nikafungua. Aliutazama ulimi wangu, umebabuka wote.

"Tangu lini?"

"Sikumbuki, Mama."

Akaanza kulia. Akamuuliza Baba amemfanya nini mwanawe, na Baba akaisukuma sahani yake kando. Profesa akajikohoza, akaanza kutueleza magadi yanavyounguza nyama ya ulimi polepole.

"Nyamaza wewe!" Mama alimkaripia bila kumtazama.

Akanyamaza. Tangu arudi, wiki nzima, hakuna aliyekuwa amethubutu kumkatiza. Na mimi, kinywa wazi, machozi ya Mama yakinidondokea shingoni, nilifurahi mno.