Pikapu ya Mkwe na Tela Letu la Kambi

Ndugu zangu, niwieni radhi kwa kimya kirefu.

Leo mkwe wangu, mume wa binti yetu, alileta pikapu tujaribu kuvuta tela letu la kambi, ili familia iende kupiga kambi Ikola, kando ya ziwa.

Ilipanda mlima na tela lenye hema, magodoro na masufuria bila kusita.
Nilifurahi mapema mno.

Viti ni viwili tu, na dereva ni mkwe; mimi sijui kuendesha. Mimi ningekaa nyuma kwenye bodi, lakini mila yetu haimruhusu mke wangu kuketi ubavuni mwa mkwe wake.

“Baba, mama apande kwenye tela. Magodoro si yapo?” mkwe akacheka.

Mke wangu akajibu kutoka ndani ya nyumba, mlango umefungwa: “Kwani mimi mbuzi wa mnadani? Nendeni nyie.”

Nikalifungua tela kutoka kwenye pikapu mwenyewe.

Gari la jirani lina viti vya nyuma, lakini lilipojaribu kuvuta tela, mlima uleule ulilishinda.

Ninyi mngefanyaje?

Nikiamua gari litakalombeba kwa heshima, nitawaandikia.