Karamu Tuliyoipeleka Kabeza

Kilichonitoa nyumbani Kahama mwaka huu wa 1992 ni simu. Shule yetu ina udugu na shule moja ya Kabeza, mjini Kigali. Udugu wenyewe ulifungwa na mradi wa Wazungu: wao wanatoa mafuta ya gari, sisi na Wanyarwanda tunasaidiana kusomesha watoto. Basi mwalimu mkuu wa kule, Bwana Modesti, alimpigia mkuu wetu simu pale posta, laini inakoroma, akasema: "Tunaomba karamu kwa watoto wote wa darasa ra mwisho, kabra ya mtihani."

Hakuna aliyeshangaa. Karamu kabla ya mtihani, kwa nini isiwe? Wazazi walichanga mchele wa Kahama, ule ambao ukichemka mtaa mzima unajua, wakachanga na viungo na mbuzi wawili. Mimi ndiye mwalimu wa sayansi kimu, na kwa pilau sijaona wa kunishinda, hivyo nikaambiwa nifunge safari. Kichwa kilinivimba, nisiwafiche.

Alfajiri tukaondoka na lori la Shabani, dereva ambaye hanyamazi hata akipiga mswaki. Barabara ya Nyakanazi ilitulisha vumbi mpaka nikaanza kukohoa udongo. Nyuma kule mbuzi walikuwa wanapiga teke sufuria, na kila teke Shabani anasema, "Mwalimu, wanafunzi wako wanagonga kengele."

Rusumo tulifika jua likiwa kali, maji ya maporomoko yakinguruma chini ya daraja. Upande wa Rwanda, ofisa wa forodha aliuliza tumebeba nini.

"Msaada wa elimu," nikajibu kwa kujidai.

Akazunguka nyuma ya lori, akatazama, akarudi. "Na hawa wenye pembe, ni warimu?"

Shabani alicheka mpaka akapiga honi. Tukapigwa muhuri, tukaingia Rwanda.

Kutoka hapo lami ni nyororo ajabu, ila kwao magari hupita kulia. Shabani alisahau. Tulikutana na basi uso kwa uso kwenye kona, nikapiga ukelele ambao nadhani ulisikika Kahama. Baada ya hapo nilikuwa namkumbusha kila kilima, na vilima vya kule haviishi. Vizuizini hatukutania. Kuna vita kaskazini, na askari walikuwa wanachoma magunia kwa fito za chuma kutafuta silaha. Waliona mchele, wakatuachia.

Jumamosi jioni tukaingia Kabeza, kando ya barabara ya uwanja wa ndege. Watoto walikuwa wamejipanga wanaimba, na Bwana Modesti amefunga tai. Kiswahili chake alijifunzia utotoni mtaa wa Biryogo, hapohapo Kigali, kwa Waislamu wenye maduka. "Karibu sana, mwarimu! Safari iko muzuri?"

Tukashusha magunia. Tukashusha sufuria. Tukashusha mbuzi. Bwana Modesti alikuwa anachungulia tu ndani ya lori, mara kulia, mara kushoto.

"Karamu iko wapi?"

"Si hii hapa, mwalimu."

"Hapana. Karamu." Akafungua kiganja, akaandika hewani kwa kidole. "Ya kuandikisha!"

Mungu wangu! Kumbe kwao kalamu ni ikaramu, na mtu wa Kigali akileta neno hilo kwenye Kiswahili, l yetu inabaki nyumbani. Watoto hawa wana mtihani wa kuingia sekondari Jumatatu asubuhi, na asiye na kalamu anarudishwa mlangoni. Vita vimepandisha bei ya kila kitu, wazazi wameshindwa, shule haina akiba. Alikuwa ametutegemea sisi. Na sisi tumemletea mbuzi.

Watoto waliacha kuimba. Bwana Modesti alinitazama bila hasira, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. "Mwarimu, rakini murifikiri nini? Sisi iko na njaa?"

Nilitamani ardhi inimeze. Kwa sababu ndivyo tulivyofikiri, mkuu wetu, wazazi, mimi, wote. Ndiyo maana hakuna aliyeuliza mara ya pili. Na mimi nikiona aibu huwa nafoka, basi nikafoka: "Sawa! Atakayekula karamu alipe kalamu!"

Nilisema kwa hasira tu. Bwana Modesti akakuna kidevu. Kisha akaanza kucheka, akaita watoto, akawatuma wazunguke Kabeza nzima kutangaza.

Jumapili, watu wakitoka kanisani, pilau lilikuwa limeiva. Mama Zaina, fundi cherehani wa jirani, ndiye aliyenisaidia kupika, akinisema kwa kuzidisha iliki. Upepo ulifanya kazi yake. Walikuja wenye maduka, wakaja masista, akaja askari wa kizuizini ambaye nilimwogopa mpaka alipochomoa kalamu ya buluu mfukoni. Bwana Modesti alisimama mlangoni akijaribu kila moja kwenye kiganja chake. "Inaandika? Pita. Hii haiandiki, rudi nyumbani, rete nyingine." Bwana mmoja alileta penseli, akapewa ukoko. Akala, akaenda kutafuta kalamu, akarudi mbio.

Mchana akafika Mzungu wa mradi, Bwana Lukas, amekuja kukagua udugu wetu. Naye mlango ulikuwa uleule. Alitoa kalamu yake nzito ya chuma, akala sahani mbili, halafu akapapasa mfuko ili aandike ripoti. Mama Zaina alicheka mpaka akakaa chini.

Jumatatu asubuhi niliwaona watoto wakiingia kwenye chumba cha mtihani, kila mmoja na kalamu yake, nyeusi, nyekundu, za benki, zilizotafunwa mwisho. Hakuna aliyerudishwa. Machozi yalinitoka, nikasingizia moshi wa jana.

Shabani alikuwa amekwisha kuwasha lori tulipoagana. Nikamuuliza Bwana Modesti safari ijayo tulete nini. Akatikisa kichwa.

"Zamu yenu imekwisha. Sasa ni zamu yetu. Nyinyi kure Kahama munakosa nini?"

Miaka yote ya udugu huu hakuna aliyewahi kutuuliza, na sisi hatukuwahi kusema. Watu wanaopeleka misaada Kigali, watasemaje kwamba nao wana shida?

"Madawati," nikasema mwisho, kwa sauti ndogo. "Watoto wangu wanakaa juu ya matofali."

Hakushangaa, wala hakunionea huruma. Alifikiri kidogo, akasema shule yake ina useremala, na mbao zipo. Kisha akaninyooshea kidole. "Rakini ngoja. Madawati ni nini? Mimi sitaki kuja huko na kitu kingine."

Nikaokota kijiti, nikachuchumaa pale kwenye vumbi mbele ya lori, nikamchorea dawati, miguu yake yote minne.