Barua ya Steshenari

Mpaka leo nikisikia "husika na kichwa cha habari hapo juu," damu inanichemka.

Kambi ya Mtendeli ya wakimbizi wa Burundi ilipofungwa, kazi yangu ya kujitolea nayo ikaisha. Nilikuwa mkalimani kwenye wodi ya wazazi: mama anasema kwa Kirundi, mimi namwambia muuguzi kwa Kiswahili. Nikarudi kijijini kwetu Heru Juu kupalilia maharage. Baadaye nikasikia kituo kimoja cha afya upande wa Kibondo kinatafuta mkalimani. Kazi ile ilikuwa yangu, hata magugu yalijua.

Barua niliiandika mwenyewe kwa mkono, nikaeleza niliyoyafanya. Nilieleza kwamba yuko mama anayesema "ndababara," naumia, kwa sauti ya chini kabisa, na huyo ndiye wa kukimbiliwa kwanza, si anayepiga kelele. Nikaipeleka steshenari mjini Kasulu ichapwe. Mchapaji aliisoma huku anacheka.

"Dada, hii ni hadithi. Barua ya kazi ina utaratibu wake."

Akafungua barua yake, ile inayotumiwa na Kasulu nzima, akabadilisha jina na cheo. Ikasomeka: mimi ni mchapakazi, mwaminifu, naweza kufanya kazi bila kusimamiwa. Wako katika ujenzi wa taifa. Nilibisha. Walionifuata kwenye foleni wakanisonya: kwani wewe nani, barua iliyotutosha sisi wote ikushinde wewe? Mwisho wa kupokea maombi ulikuwa siku hiyo hiyo, na gari la Kibondo lilikuwa linapiga honi. Nikasaini.

Kule mapokezi ya kituo karani aliiweka barua yangu juu ya rundo. Nikaiona iliyo chini yake. Ilikuwa ileile, neno kwa neno, jina tu la mwingine. Nikaomba niongeze mistari michache nyuma ya karatasi.

"Muhuri umeshagongwa, dada."

Kazi aliipata kaka mmoja wa foleni ileile ya steshenari. Ni mpole, ana adabu, simchukii. Lakini amekulia Mwanza. Kirundi hajui, na hata Kiha chetu, ndugu yake Kirundi, anababaisha. Barua yake haikusema anajua, wala yangu haikusema. Sasa waliochagua walichagua nini? Unadhifu wa karatasi? Nikiwaza hivyo natamani kupiga mtu.

Na huyo kaka ananipigia simu! Kwenye foleni alinisikia nikibisha kwamba najua Kirundi, namba akaitoa kwenye barua yangu. Niko shambani, jembe mkononi: "Samahani dada, kuna mama hapa simwelewi. Naweka sauti kubwa umsikilize." Mshahara wake, ukalimani wangu. Nikaapa sitapokea tena.

Juzi ikaita. Nilipokea ili nimtukane, na matusi nilikuwa nimeshayapanga. Kabla sijafungua mdomo nikamsikia mama huko nyuma, kwa sauti ya chini kabisa.

"Ndababara."

"Kamwite muuguzi," nikamwambia. "Kimbia!"

Akakimbia bila kukata simu. Nikaiacha sikioni mpaka nikasikia mtoto analia, ndipo nikashika jembe. Siku ile niling'oa magugu na maharage pamoja.